Kiguu na Njia wa Kraaienveen

Kondoo wa Roelfien walijulikana Wolderloo nzima kwa misuli. Kondoo wa wachungaji wengine wana vitambi, wana usingizi, wana lile jicho la mzee aliyemaliza kula. Wa kwake walikuwa na mapaja ya wakimbiaji. Malisho hayakuwa na kosa. Malisho ya nyikani kwetu ni yaleyale kwa wote, vichaka vifupi vya heide ambavyo Agosti huvaa zambarau na miezi mingine yote huvaa rangi ya zulia kuukuu. Kosa lilikuwa la mchungaji. Uchungaji ni kazi ya kusimama: unaegemea fimbo, unatazama, unaegemea upande wa pili, unatazama tena. Roelfien aliweza kuegemea kwa muda wa kupiga chafya mbili. Baada ya hapo miguu ilimwasha, akampigia mbwa mluzi, na kundi zima likahamishwa kutoka penye majani mazuri kwenda penye majani mazuri vilevile, ng'ambo ya bwawa.

"Jirani," Wolter alikuwa akimpigia kelele kutoka kwenye mizinga yake ya nyuki, "hao unawalisha au unawapeleka mashindanoni?"

"Wananyoosha viungo, mzee!"

"Basi mwaka huu tutawanyoa jasho, maana manyoya yatakuwa yamebaki njiani!"

Wolter Hadders alikuwa mfuga nyuki, mzee mwenye masikio makubwa na mdomo usio na breki, na nyumba yake na ya Roelfien zilitenganishwa na ua wa miti ambao hakuna aliyekumbuka kuukata. Yeye ndiye aliyempa Roelfien jina la Kiguu na Njia, na jina likamganda. Hakukosea. Kabla ya kondoo, Roelfien alifanya kazi kwenye kiwanda cha wanga wa viazi, akahamia kwenye nyanya za bustani za vioo, akaendesha lori la maziwa, akapika kwenye feri. Kazi zote hizo aliziacha kwa namna moja. Hakuziacha kwa kuchoka, la. Ni kwamba siku moja angekosea, angemwaga, angegonga, angeunguza, na kabla bosi hajakunja uso, yeye alikuwa kwenye kituo cha basi na begi lake. Afadhali kuaga kuliko kuagwa, ndivyo alivyosema. Watu wengine wana dini. Yeye alikuwa na hiyo.

Mwaka huo wa ukame alikuwa bado hajakosea. Ndiyo maana alikuwa bado yupo.

Upande wa mashariki wa bwawa la Kraaienveen, kati ya kuvumwani, zulia la mimea laini ya majimaji linalobonyea kama godoro la wageni, na vichaka vya gagel vinavyonuka dawa ya kikohozi, kuna kipande cha ardhi kisichozidi uwanja wa kuchezea watoto. Hapo huota maua ya kengele, ya buluu nzito kama wino, na ni kwenye kengele hizo tu kipepeo mmoja mdogo wa buluu hukubali kutaga. Hataki ua jingine. Mpeleke kwenye bustani ya malkia, atakutazama kama umemtukania mama. Mayai yake, meupe kama punje za chumvi, huyabandika nje ya tumba la ua. Kiwavi akianguliwa hulila ua kwa ndani, akishiba hujiangusha chini, na hapo ndipo utapeli unapoanza. Hunukia kama mtoto wa sisimizi wekundu. Sisimizi nao, kwa huruma zao, hudhani wamempata mwana aliyepotea, humbeba mpaka nyumbani na kumlisha majira yote ya baridi. Julai inayofuata kiwavi hutoka na mabawa na kuondoka bila hata ahsante.

"Namjua mtu wa hivyo," Wolter alisema siku alipohadithiwa, akimtazama Roelfien juu ya kikombe.

"Mimi huwa nasema ahsante."

"Ukiwa ndani ya basi."

Kwingine kote katika hifadhi vipepeo hao walikuwa wamekwisha. Waliobaki walikuwa hapo, kwenye kengele hizo, na Agosti hiyo walikuwa wamekwisha kutaga. Lubbert, mlinzi wa hifadhi, mtu anayetumia maneno kana kwamba anayanunua, alimwambia Roelfien jambo moja tu kuhusu kiangazi kizima.

"Kondoo wasivuke mti mfu."

Mti mfu ni gogo la msonobari lililosimama majini tangu zama za babu zetu, jeusi, na kereng'ende hulipigania kama viti vya mbele kanisani. Huku ni malisho. Kule ni kengele. Kondoo anapenda kengele kama mtoto anavyopenda biskuti, na akila ua, amekula na yai.

Basi wachungaji wa kwetu wana ujanja wao wa kale. Zizi la mchana, la kupumzishia kundi jua likiwa kali, halina pande nne. Lina tatu za wavu na vigingi, na ya nne ni bwawa lenyewe. Ncha za wavu unaziingiza majini mpaka magotini, unazifunga, basi. Kondoo anaogopa kulowa kuliko anavyoogopa kisu. Roelfien naye alifanya hivyo mwanzoni mwa wiki: ncha moja kwenye kigingi, ncha ya pili kwenye mti mfu, ambao maji yaliuzunguka pande zote. Mtu wa nchi kavu asingefanya kosa hili, kwa sababu hayaamini maji. Sisi tumelelewa tukiyajengea kuta yasituzamishe vitandani. Haijatuingia akilini kwamba yanaweza kuondoka yenyewe.

Asubuhi ya Alhamisi simu ililia mfukoni mwake akiwa katikati ya kundi. Alikuwa Annechien, mke wa Wolter, na sauti yake ilikuwa imenyooka kama shuka lililopigwa pasi.

"Roelfien. Wolter ametuacha. Njoo."

Hakuuliza lini wala vipi. Kwetu jirani wa kwanza, yaani wa mlango unaofuata, haulizi. Msiba ukiingia nyumba ya pili, unaacha jembe lilipo, unaacha ng'ombe nusu amekamuliwa. Aliwaswaga kondoo zizini, akafunga wavu, akamwonyesha mbwa wake Siep mahali pa kulala, mbele ya lango.

"Linda hapa," akamwambia. "Hapa."

Akapanda baiskeli.

Jikoni kwa Annechien saa ya ukutani ilikuwa imesimamishwa kwa desturi ya msiba na kioo kimefunikwa kitambaa cha meza, kile cha Krismasi, kwa sababu ndicho kilichokuwa juu. Annechien alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, amesuka nywele.

"Alikuwa anavaa soksi," alisema. "Moja ameivaa."

Roelfien alisimama, akakaa, akasimama. Akaiosha sufuria iliyokuwa safi.

"Acha hiyo," Annechien akasema. "Una koti jeusi?"

"Sina, mama. Mimi vitu vyangu vyote..."

"Vinaingia kwenye begi moja, najua. Vaa la Wolter. Lipo mlangoni. Utatangaza nyumba za upande huu, kufuata jua, usiruke hata moja. Halafu nyuki. Kabla jua halijazama lazima waambiwe bwana wao amekufa, la sivyo watahama."

"Niwaambie sasa wao ni wa nani?"

Annechien aliitazama ile saa iliyonyamaza.

"Ukirudi nitakwambia."

Alivua ovaroli, akaitundika msumarini na simu yake ndani, kwa kuwa mtangaza kifo hatembei na simu, akavaa koti la Wolter ambalo mikono yake ilimfika vidoleni na mfuko wake wa kulia ulikuwa na nta na pipi ya mnanaa.

Mnafahamu jinsi kazi hii ilivyo. Leo hata paka ana simu, lakini kifo kwetu hakipigiwi simu. Kinaletwa na mtu, kwa miguu yake, kwenye mlango wa mbele. Mlango wa mbele hatuutumii, sote tunapitia nyuma, jikoni. Ukigongwa wa mbele, waliomo wanajua. Unasikia viti vikisogezwa, viatu vikitafutwa, kitasa kikilalamika kwa kuwa hakijaguswa tangu mazishi yaliyopita. Unasema maneno yako. Kisha, na hapa ndipo adhabu ilipo kwa mtu kama Roelfien, unakaa. Unaletewa kahawa na kipande cha keki kavu, na unakaa mpaka kikombe kiishe, polepole, huleti habari zako mwenyewe, huna haraka. Mwenye haraka anamharakisha marehemu. Kuna mtu aliyetangaza huku amesimama kabla sijazaliwa, na wajukuu zake bado wanaitwa "wa kusimama".

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Harm na Trijn. Harm alivuta mlango mpaka ukafunguka kwa kishindo, nusura umwangukie miguuni.

"Nimetumwa kuwaambia kwamba Wolter Hadders amefariki."

"Ingia, jirani," Harm akasema, na kofia ikatoka kichwani.

Walikaa. Kahawa ikaja. Trijn alilia kidogo, akapangusa meza, akalia tena. Roelfien alibana goti moja kwa jingine ili yasicheze. Kwa kuwa msiba una kimya chake ambacho lazima kijazwe na kitu kisicho na maana, Harm akaongea hali ya hewa.

"Joto hili ndilo limemmaliza. Jana nimepita Kraaienveen. Maji yameenda, jamani! Ule mti mfu, tangu nizaliwe sijauona miguu. Sasa umesimama kwenye tope kavu. Unaweza kuuzunguka na soksi."

Kikombe cha Roelfien kilikwama kati ya kisahani na mdomo.

"Umeuzunguka?" akauliza.

"Na soksi sikuthubutu, nilikuwa na viatu."

Aliiona ncha ya wavu wake kama vile imechorwa kwenye ukuta wa Harm. Imefungwa kwenye mti mfu, vizuri, kwa fundo maridadi. Na nyuma ya mti mfu, pale ambapo maji yalipaswa kuwa upande wa nne, njia pana kama barabara ya mkoa. Ufuko wa bwawa lile ni bapa kama sinia. Maji yakishuka unene wa kidole, ukingo unarudi nyuma kwa aibu, hatua baada ya hatua. Siku zote hizo alikuwa akilikagua lango. Ncha hakuigusa, maana ncha kazi yake ni ya maji.

Lakini yupo Siep, akajiambia. Kisha akakumbuka kwamba Siep ni mbwa mtiifu. Ameambiwa alinde lango, atalinda lango mpaka kiama, amelipa bwawa mgongo.

Aliimwaga kahawa kooni ikiwa bado inachemka. Machozi yakamtoka.

"Masikini," Trijn akasema, akimshika bega. "Alimpenda mzee. Mwongezee, Harm."

Kikombe cha pili hakikataliwi.

Nyumba zilizofuata alizipita kama mtu anayetembea usingizini juu ya makaa. Aligonga, akasema, akakaa, akanywa. Ulimi ulikuwa umeungua mpaka keki ikawa na ladha ya sufi. Katika kila nyumba alitafuta kiti kinachotazama dirisha, na katika kila nyumba dirisha lilitazama kuku. Angeweza kusema. Neno moja tu: jamani, kondoo wangu. Lakini mtangazaji haleti habari zake. Na juu ya hilo, akisema, litakuwa kosa; na likishakuwa kosa, litafuata begi. Alikwisha anza kulipanga kichwani bila kujua: soksi, redio ndogo, sweta la kijivu. Lubbert alikuwa nyumba ya mwisho kabisa kwa mwendo wa jua, na kuruka nyumba hairuhusiwi.

Kabla ya Lubbert kulikuwa na bibi Geesje. Ana miaka mingi na meno yake yote, na ulimi alioutumia kuwazika waume wawili. Nyumba yake ipo kwenye kiinuko, na dirisha la sebule yake, ole wake Roelfien, linatazama nyika yote mpaka bwawani.

"Nimetumwa kukuambia, bibi, kwamba Wolter Hadders amefariki."

"Nimejua ulipogonga. Niliomba awe yeyote ila yule mpumbavu." Geesje aliingia ndani bila kuangalia kama anafuatwa. "Kaa."

Akakaa. Mbele yake nyika ilimetameta zambarau, na bwawa katikati lilikuwa dogo, dogo mno, sahani ya chai mahali pa sinia. Na upande wa mashariki, kule, ng'ambo ya kijiti cheusi, kulikuwa na nukta nyeupe. Zilikuwa zimeinamisha vichwa. Zilikuwa zinakula.

Goti lilimponyoka, likaanza kuipiga meza kwa chini. Vijiko vikacheza.

"Mwanangu," Geesje akasema, "tangu umekaa unalitazama dirisha langu kama paka anayetazama samaki wa jirani. Kuna nini?"

"Hakuna, bibi."

"Meza yangu inasema kuna."

"Mtangazaji haleti habari zake."

"Nani kakwambia? Mimi nimetangaza misiba kabla mama yako hajavunja ungo. Sema."

"Kondoo wako kwenye kengele." Alilisema haraka, kama mtu anayetema jino. "Wamezunguka wavu. Wanakula mayai ya kipepeo wa Lubbert. Tangu kwa Harm nimejua, nikanyamaza, nikanywa kahawa nyumba hadi nyumba, bibi, nimekunywa kahawa wakati wao wanakula!"

Geesje alisogeza vijiko pembeni.

"Kwa Harm ulijua."

"Ndiyo."

"Harm ana miguu miwili na baiskeli. Ulipita kwenye nyumba zote hizi za majirani, watu ambao wameapa kuacha jembe kwa ajili yako, na ukawaficha kwamba unahitaji jembe liachwe?"

"Lakini Wolter..."

"Wolter amekufa tangu alfajiri," Geesje akasema akinyanyua simu ya mezani. "Akichelewa kutangazwa nyumba moja, hataamka kwa hasira. Harm? Geesje hapa. Sikiliza, usinilie. Vaa viatu."

Kilichofuata Wolderloo bado inakihadithia, na kila mara watu wanaongezeka. Mimi nasema nilichokiona. Walikuja kwa baiskeli kwenye njia ya mchanga, wengine wamekwisha vaa nguo nyeusi za msiba, Trijn na taulo la vyombo, Harm na mwavuli siku isiyo na wingu, na nyuma yao bibi Geesje kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu, akipiga kengele kana kwamba kondoo wangempisha. Mbele ya wote alikuwa Roelfien, koti la Wolter likipepea, kilichokuwa kinakimbia humo hakionekani ila ndala. Siep alikuwa bado amelala mbele ya lango, akililinda zizi tupu kwa uaminifu wa kutia uchungu.

"Msikanyage kengele!" Roelfien alipiga kelele. "Piteni kwenye gagel! Polepole! Msikimbie!"

"Angalia nani anasema msikimbie!" Harm akajibu, na hapohapo akazama kwenye kuvumwani mpaka pajani.

Hawakukimbia. Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Kondoo ukimkimbiza atakimbilia mbele, na mbele kulikuwa na maua yaliyobaki. Walitembea kwa mstari, weusi, wazito, mikono imetandazwa, kama wanasindikiza jeneza la mtu mpana sana, na Roelfien katikati yao akiuma ulimi wake ulioungua ili miguu isimtangulie. Siep alipopigiwa mluzi alizunguka kwa nyuma kama risasi, na kundi likageuka, likajaa pamoja, likaanza kurudi kupitia ile barabara ya aibu nyuma ya mti mfu.

Mmoja alibaki. Kondoo jike mzee alikuwa amekwama kwenye tope jeusi mpaka tumboni, ametulia, anatafuna. Ua la buluu lilimning'inia pembeni ya mdomo kama sigara.

Lubbert alifika kwa upande wa pili, amevaa buti za mpira. Hakuuliza. Aliingia topeni, akapitisha mikono chini ya kondoo, Roelfien akashika upande wa pili, wakavuta. Tope likapiga busu refu, kondoo akaanza kutoka.

"Lubbert," Roelfien akasema huku anahema, uso kwa uso na mtu huyo juu ya mgongo wa kondoo, "nimetumwa kukuambia kwamba Wolter Hadders amefariki."

Lubbert alimwachia kondoo, akavua kofia. Kondoo akazama tena.

Walisimama hivyo, wawili, matope mpaka kiunoni. Kereng'ende alitua kwenye mti mfu. Kisha Lubbert akavaa kofia, na wakaanza kuvuta upya.

Watu walipoondoka na kundi, Lubbert alipiga magoti kwenye kengele na kioo cha kukuzia kilichofungwa kamba shingoni. Alitambaa. Palipokuwa na maua palikuwa na vijiti vilivyokatwa vizuri kama kwa mkasi. Alitambaa mpaka ndani ya vichaka vya gagel na kukaa huko muda ambao Roelfien aliutembea wote, kutoka mti mfu mpaka ukingoni, kutoka ukingoni mpaka mti mfu.

"Acha kutembea. Njoo."

Ndani ya gagel, katikati ya matawi machungu ambayo kondoo hayapendi, kengele chache zilikuwa zimesimama kama watoto waliojificha. Lubbert alimpa kioo.

"Siyaoni," Roelfien akasema.

"Unatetemeka. Tuliza mkono."

Aliutuliza. Alibana pumzi, akashika kifundo cha mkono kwa mkono wa pili, akashika kila kitu alichokuwa nacho. Punje ya chumvi ikatokea kwenye tumba la buluu. Kisha ya pili, upande wa chini.

"Haya ndiyo yaliyobaki?"

"Haya."

"Yatatosha?"

"Tutajua Julai."

Roelfien alimrudishia kioo. Alikuwa amekwisha simama, na mwili wake ulikuwa umekwisha geukia njia.

"Fimbo nitakuachia kwako kabla ya mazishi. Basi la jioni..."

"Nani kakufukuza?"

"Sijasubiri kufukuzwa."

"Hilo ndilo tatizo lako," Lubbert akasema. Kwake hiyo ilikuwa hotuba, lakini aliendelea. "Kondoo atawashika binamu yangu. Kulungu na sungura watakuja hapa; njia imekwisha funguliwa. Mpaka viwavi washuke, mtu lazima awepo. Kesho njoo na kiti."

"Kiti cha nini?"

"Cha kukalia."

"Siku nzima? Lubbert, kwa ajili ya Mungu, nifukuze tu."

"Najua ungependa."

Annechien alikuwa palepale jikoni. Alimtazama Roelfien, akalitazama koti la mume wake ambalo sasa lilikuwa tope tupu, na pembe za mdomo wake zikapanda kidogo, mara ya kwanza siku hiyo.

"Harm ameshapita," alisema. "Wolter angetoa mzinga mmoja kuiona hiyo. Bibi Geesje akiswaga kondoo! Na yeye, mjinga, akaamua kufa siku hiyohiyo."

"Nisamehe, mama."

"Nyuki bado." Alimpa ufunguo wa mlango wa mbele, mzito, wa chuma. "Gonga kila mzinga mara tatu na huu. Uwaambie, kisha usiondoke mpaka watulie."

"Na jina? Nimtaje nani?"

"Mtaje atakayekuwepo mwakani." Annechien aligeukia dirisha. "Na usiwadanganye. Wananusa."

Mizinga ya Wolter ilisimama ukingoni mwa nyika, imepangwa kwa mstari, na jua lilikuwa limebakiza upana wa mkono juu ya misonobari. Nyuki walikuwa wakirudi kutoka kwenye heide kwa wingi, wazito. Roelfien aligonga wa kwanza.

"Bwana wenu Wolter amefariki," akasema. "Msiondoke."

Sauti ndani ya mzinga ilipanda kama maji yanayokaribia kuchemka. Alijua sentensi iliyobaki. Mguu wa kushoto ulikuwa umeanza kucheza wenyewe. Kutoka pale mpaka kituo cha basi ni mteremko mtupu. Hata begi angeweza kulisamehe. Aliingiza mkono mfukoni, akakuta ile pipi ya mnanaa ya Wolter iliyogandana na nta, akaiweka mdomoni pamoja na nyuzi za mfuko.

"Wenu sasa ni Roelfien," alisema. "Wa nyumba ya pili. Hatulii, mtamsikia akipita. Lakini atakuwepo."

Nyuki mmoja alimwendea moja kwa moja na kumchoma nyuma ya sikio. Alitoa neno ambalo mtangaza msiba hapaswi kulijua. Hakukimbia. Alisimama, mguu ukicheza, sikio likivimba, mpaka sauti ikashuka. Kisha akasogea mzinga wa pili, akainua ufunguo.

Asubuhi iliyofuata Harm alipita Kraaienveen kwa baiskeli kuona kama ni kweli. Alikiona kiti kwa mbali, kiti cha jikoni, kimewekwa wima kando ya gagel. Kilikuwa kitupu. Harm akafunga breki, akatukana, akaanza kuhesabu basi la kwanza limeondoka lini. Ndipo akamwona. Roelfien alikuwa akikizunguka kiti, fimbo mabegani, sikio jekundu kama nyanya, mzunguko mdogo baada ya mzunguko mdogo, kama punda wa kinu, na kwenye kuvumwani pale palikuwa pamekwisha fanyika njia.

"Wewe!" Harm akapaza sauti. "Si uliambiwa ukae?"

"Kwani niko wapi?" Roelfien akajibu, bila kusimama.